Wiki Ambayo Aizel Alipimwa Ualimu, na Mimi Nikamsaidia

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Simu, andika. Unaandika? Hako kataa kekundu kanawaka, basi unaandika. Mimi kalamu haikai mkononi, inateleza kama bamia. Ndiyo maana mjukuu wangu Aizel kanipa simu yake ya zamani, hii yenye kioo kilichopasuka, akasema, Bibi, maneno yako mwambie huyu, mimi niache nisome. Haya, nakwambia wewe.

Mambo ni haya. Ijumaa Aizel anapimwa. Anasomea ualimu, mwaka wa mwisho, na tangu Januari anafanya mazoezi ya kufundisha darasa la tatu, hapa hapa shule yetu ya msingi. Ijumaa saa nne profesa wake wa chuo anakuja kukaa nyuma ya darasa na kumwangalia. Akipita, anahitimu. Asipopita, anarudia mwaka, na mama yake, mwanangu Lorna, anabaki Hong Kong mwaka mzima mwingine kusugua masufuria ya watu. Na Lorna tiketi ya kuja kwenye mahafali ameshakata! Kabla ya majibu! Sisi ukoo wetu hatujui kusubiri. Hata baba yake Lorna alinunua jeneza lake mapema, akakaa nalo sebuleni mpaka mchwa wakalianza. Nilikuwa nasema nini?

Aizel hali. Samaki mkavu anamgeuza geuza kwenye sahani kama anatafuta kitu alichoangusha.

Chuo chao kinamtaka kila jioni aandike mawazo yake, yeye mwalimu wa kesho, kuhusu hizi teknolojia darasani. Huwa ananisomea nikichambua mchele. Leo kaandika kwamba mwalimu akiwasha kioo, watoto wanatazama kioo. Kioo kikizimika wanamtazama mwalimu, na hapo ndipo yeye anapoogopa. Kasoma hiyo akafunga daftari. Nikamwambia ajipake mafuta ya nazi kifuani.

Sasa, mbaya wangu. Soring. Duka lake linatazamana na mlango wangu, lenye lile sanduku la intaneti la kutumbukiza sarafu, vijana wamejaa pale kama nzi. Mjukuu wake Jhunric naye anasomea ualimu, chuo kile kile, shule ile ile, anapimwa Ijumaa hiyo hiyo, saa mbili. Leo nimeenda kununua siki. Soring akaniambia kwa ile sauti yake ya kukaanga: Densya, mjukuu wangu Ijumaa anaonyesha picha zinazotembea, kubwa, ukutani! Wa kwako ataonyesha nini? Katuni za kadibodi?

Nikarudi bila siki.

Shule ina televisheni moja. Moja tu! Inasukumwa kwenye kitoroli kutoka darasa hadi darasa kama mgonjwa. Picha zinazotembea maana yake Jhunric ameikamata. Na akiikamata saa mbili, nani kakwambia ataiachia saa nne? Namjua bibi yake. Ukimwazima ungo, unarudi una wajukuu.

Nimepata mpango. Usiku mwema. Unazimwaje wewe?


Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimefanikiwa! Jasho bado linanitoka.

Asubuhi nimepika suman, nikazifunga vizuri kwenye jani la mgomba, wali wa kunata na tui, kila moja ndefu kama kiganja. Nikajaza kikapu. Nikaenda shule kumsalimia Mwalimu Gabasa, ndiye anayemsimamia Aizel darasa la tatu. Mwanamke mzuri, ila suman mbele yake hapumui. Akakaribisha, akamenya ya kwanza, akafumba macho. Pale pale mezani kwake, rimoti ya televisheni.

Sasa elewa, simu. Ile televisheni vitufe vyake vilikufa zamani. Bila rimoti ni kabati. Nami nilishakuja na jani la mgomba la akiba na kamba yake. Mwalimu alipofika ya pili, nikaichukua, nikaifunga chini ya meza kwa mikono yangu hii. Imetoka suman kabisa! Hata mimi ningeila. Nikaitia kikapuni pamoja na zilizobaki.

Getini, balaa. Mlinzi Crisanto akanisimamisha. Bibi Densya, mbona unapita kimya, kikapu kimejaa, unataka tufe njaa? Na mkono huo ndani! Nusu nianguke. Kashika yenyewe! Nikampiga kofi la mkono. Hiyo siyo! Ni ya mgonjwa, haina sukari! Akasema, mbona nzito? Nikamwambia ugonjwa wenyewe mzito. Akachukua nyingine, akanishukuru.

Kwa hiyo Jhunric hana televisheni. Mjukuu wangu hana, wa kwake hana, wanapimwa sawa, kadibodi kwa kadibodi. Na Aizel kwa kadibodi hana mpinzani, ana mkono wa kuchora. Haki imetendeka.

Nimechoka. Kikapu nimekiacha jikoni.


Jumatano, tarehe 5 Machi, Jumatano ya Majivu

Nife.

Ngoja nianze mwanzo. Alfajiri kabla ya misa nimerudisha suman zilizobaki kwenye mvuke zisichache, joto hili linakula chakula kuliko watu. Nikaenda kanisani, nikapakwa msalaba wa jivu kwenye paji, padri akatukumbusha sisi ni mavumbi, nikalia kidogo, nikarudi roho safi.

Mchana Aizel kaingia. Hata mkono wangu hakuuchukua kuugusisha kwenye paji lake, salamu yetu kwa wazee, na huyo mtoto hajawahi kuniruka. Kakaa chini pale mlangoni na viatu vyake. Bibi, imeisha, kasema. Nini imeisha? Rimoti ya televisheni imepotea. Nikasema pole, nikasema ndiyo vizuri, na Jhunric naye hana. Akanitazama. Jhunric anaihitaji ya nini, Bibi? Kaazima projekta ya kanisa la shangazi yake. Televisheni ni ya kwangu mimi. Nimeiomba tangu mwezi wa pili.

Ya kwake yeye! Mjukuu wangu mwenyewe!

Somo lake ni kipepeo, yai linavyokuwa kiwavi, kiwavi anavyojifunga, mpaka anaruka. Picha zote zimo kwenye flashi, kazitengeneza mwezi mzima. Kasema kadibodi hazisaidii sasa, profesa kwenye fomu yake ana sehemu nzima ya teknolojia, na ukipata sifuri pale umeanguka.

Nikasema usilie, labda imeangukia mahali, Bibi atasali. Nikakimbia jikoni.

Simu, nimeipika. Nimeipika na tui la nazi. Nimefungua jani, mvuke ukanipiga usoni, rimoti ikanitazama. Kitufe cha tano kimezama ndani. Cha sauti kimevimba. Inanukia vizuri sana.

Nimeizika kwenye mchele mkavu, simu ya Lorna ilipoanguka kwenye ndoo tulifanya hivyo ikapona. Jivu bado ninalo kwenye paji. Aizel nje ananiuliza unapika nini, Bibi. Nimesema hakuna.


Alhamisi, tarehe 6 Machi

Haijapona. Nimeibonyeza kuelekea televisheni ya Soring kupitia dirishani, haikufanya kitu. Aliniona. Akapaza sauti, Densya, unanielekezea nini, bastola? Nikasema nanyoosha mkono, una ganzi.

Presha juu. Nimemeza kidonge cha asubuhi na cha jioni pamoja ili nipate nafasi ya kufikiri.

Na nimefikiri! Mashine ya kuimbia. Ya Teroy, tuliyebatiziana watoto, ile anayoikodisha kwenye sikukuu za kuzaliwa: ina kioo kikubwa, spika za kuangusha paa, maiki mbili, na ubavuni ina tundu la flashi. Nilishaona vijana wakichomeka nyimbo zao humo. Kama inameza nyimbo, itameza viwavi.

Tatizo mke wa Teroy, Basion. Kwaresima ikiingia, mashine anaifunika shuka la zambarau kama sanamu za kanisani, mpaka Pasaka. Nimewakuta wanakula. Nikamwambia Basion padri amesema mwaka huu ruhusa, mradi usiimbe kwa furaha. Basion akachukua simu yake pale pale ampigie padri! Nikamshika mkono. Nikasema labda nilisikia vibaya, kanisani mbali, masikio yangu. Basi, nikasema, ni msiba. Teroy akauliza nani kafa. Nikakosa mtu. Nilipitia kichwani majirani wote, kila niliyemfikia nilimwona leo asubuhi.

Nikalia. Kweli kweli, sikuigiza. Nikasema ni Aizel, kesho anapimwa, hana kioo, mama yake ana tiketi. Basion akaweka kijiko chini. Dada Densya, kwa nini hukusema hivyo tangu mlangoni? Kwa mtoto kusoma, hata Mungu mwenyewe angebeba spika moja. Ila wasiimbe za mapenzi.

Aizel alipoiona kwenye mkokoteni alishika kichwa. Bibi! Hii si mashine ya walevi? Nikamwambia walevi wanaiona vizuri, watoto watashindwaje? Kachomeka flashi. Kipepeo akatokea, rangi zote, mkubwa kama mwavuli. Aizel kacheka kidogo, kacheko ka kwanza wiki hii. Kaniuliza, Bibi, na ikigoma? Nikasema haigomi.

Kisha akaandika yale mawazo yake, lakini hakunisomea.


Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nitasema taratibu.

Jhunric saa mbili. Nilipita nje ya darasa lake kwa bahati mbaya mara kadhaa. Projekta ikawaka, picha zikatembea, watoto kimya kama wamemwagiwa maji. Soring kakaa kibarazani na gauni lake la harusi za watu, anajipepea. Utafikiri anapimwa yeye.

Saa nne, Aizel. Profesa, mwanamume mwembamba, miwani, kakaa nyuma na fomu yake. Mimi nje, dirishani, nyuma ya mpapai. Aizel kashika maiki. Yai likatokea kwenye kioo, akaeleza yai. Sauti ikatoka kwenye spika, kubwa, safi! Huyo mtoto anayeongea kama anaomba radhi! Nikasema Mungu wangu, tumepita.

Picha ya yai ikaisha. Mashine ikapiga tarumbeta. Tararaaaa! Na kwenye kioo, na nyota na maua: HAMSINI NA NANE. Namba nazijua hata mimi, za sherehe, mtu akimaliza kuimba. Mashine ilidhani kaimba! Imempa alama, na alama zenyewe za mlevi wa mwisho.

Watoto wakalipuka. Mwalimu kaanguka! Arudie! Arudie! Aizel kawa mweupe kama wali. Akaweka kiwavi, akaeleza haraka haraka. Tararaaaa! Sitini na tatu. Mtoto mmoja mnono wa mbele akasimama, mwalimu nipe mimi, we huwezi! Kanyakua maiki, kapiga kelele KIWAVI ANAKULA MAJANI MPAKA ANANENEPA. Tisini na saba! Darasa likawa soko. Wote mikono juu, mimi mwalimu, mimi! Profesa kavua miwani. Kainamisha kichwa. Mabega yanatikisika. Nikajua analia kwa hasira, anaandika sifuri.

Ningefanya nini? Niambie, simu. Ningemwacha mtoto wangu achomwe vile? Nyuma ya vyoo kuna kisanduku cha swichi kubwa ya umeme wa shule. Nikakimbia, miguu hii, nikaivuta chini kwa mikono miwili. Kimya kikashuka shule nzima.

Nikageuka. Soring. Kasimama nyuma yangu, mkono umeshanyooka.

Tukatazamana.

Nikamwuliza unafanya nini hapa. Akasema na wewe je. Nikasema nafuata choo. Akasema choo kile pale, Densya, hiki kina waya. Halafu akaanza kucheka, mwanaharamu yule, akashika tumbo. Nilisikia watoto wa kwenu wanashangilia, kasema, nikaja kukata. Kumbe umenipunguzia kazi!

Simu, nimefanya kazi ya Soring. Bure. Nikataka kuirudisha swichi juu, ikakataa, imekwama. Tukaivuta wote wawili, mimi kwa mapenzi, yeye kwa woga wa mwalimu mkuu, haikusogea.

Nikarudi dirishani nikijikokota. Feni zimekufa, giza, joto. Watoto wote wamegeuka kumtazama Aizel. Macho yote yale. Lile lile aliloliogopa, nami ndiye niliyemletea. Nilifumba macho. Nilimwona Lorna na lile sanduku lake la nguo, anafungua, anarudisha nguo kabatini.

Halafu nikasikia kitu kama kicheko. Cha Aizel. Akasema, haya, mashine imelala, nani atatoa alama? Yule mtoto mnono akasema mimi! Tararaaaa kwa mdomo! Aizel akajifunga kanga, hapana, kitambaa cha meza ya Mwalimu Gabasa, mwili mzima, akaning'inia kwenye mlango akiwa kiwavi aliyejifunga, anaongea humo ndani, hana karatasi, hana maiki, na nilimsikia mpaka kwenye mpapai. Watoto wakapiga tarumbeta kwa mdomo, themanini! Mwalimu, toa mguu nje, utapata tisini! Akatoka na mabawa. Sijui ilikuwa nzuri au mbaya. Mimi nilikuwa nalia na pua.

Profesa alipotoka nilimnyooshea kikapu changu. Kachukua suman mbili. Hiyo ni dalili nzuri au ya njaa?


Jumamosi, tarehe 8 Machi

Amepita!

Themanini na moja. Lorna kapigiwa, kalia Hong Kong, tumelia hapa, mbwa naye. Aizel kala sahani mbili za wali na kapitiwa na usingizi mezani, mdomo wazi, kama alivyokuwa mdogo.

Kabla ya kulala alinisomea. Kaandika kwamba teknolojia ilimtia aibu mbele ya watoto, na watoto walipomcheka wakaacha kumwogopa, na yeye akaacha kuwaogopa. Kaandika kwamba mwaka ujao ataitumia tena, ila atajua swichi iko wapi. Akanitazama aliposoma hapo. Nikaangalia mchele.

Kisha akanishika mikono yote miwili. Bibi, nakupenda. Niahidi kitu kimoja. Shuleni kwangu, usinisaidie tena. Nikaahidi. Kwa moyo wote, na Kwaresima hii! Nimekoma, simu. Nimeona kwa macho yangu. Mtoto anajiweza.

Nikatoka kununua siki. Soring akaniambia, bila kuulizwa, Jhunric amepata tisini na nne.

Tisini na nne.


Jumapili, tarehe 9 Machi

Sikulala. Tisini na nne kwa nini? Kijana kasimama kando ya ukuta, ukuta ndio umefundisha! Wangu kaning'inia mlangoni!

Nimetafakari ahadi yangu kwa makini. Nilisema shuleni. Hii si shuleni, hii ni jikoni kwangu, tena Jumapili.

Aizel kaenda kuoga, simu yake mpya kaiacha mezani. Kusoma sijui, lakini picha nazijua. Mara nyingi namwona akiongea na profesa humo, anabonyeza kiduara chenye picha, anashika kale kadude ka maiki, anaongea, anaachia, imekwenda. Rahisi kuliko kumenya ndizi. Nikatafuta kiduara. Nikakipata, profesa yumo, na miwani yake, kati ya vijana wengi waliovaa sare. Familia yake, nadhani. Ana watoto wengi, masikini, ndiyo maana alichukua suman mbili.

Nikashika maiki, nikaongea kwa adabu. Nikasema, Profesa, mimi ni Prudencia, bibi yake Aizel. Nikasema themanini na moja ni ndogo, aitazame tena. Nikamweleza kwamba mtoto alikuwa na televisheni yake nzuri, isipokuwa rimoti niliipika mimi, na umeme niliukata mimi, kwa hiyo makosa yote ayaandike kwangu na alama azirudishe kwa mtoto. Nikaongeza kwamba Jhunric tangu utotoni ana minyoo. Nikamkaribisha suman. Nikaachia. Imekwenda!

Na watu wa profesa ni wepesi wa kujibu, jamani! Sijaiweka hata chini, simu inatetemeka, inatetemeka. Maneno sijui, lakini nyuso naziona. Nyuso za njano, nyingi, zinacheka mpaka machozi yanatoka. Nyingine, tena nyingine. Mmoja ametuma kipepeo. Wote wamefurahi, familia nzima, hakuna hata mmoja aliyenuna.

Hizi teknolojia, mimi nasema, ni nzuri sana ukizijua. Maji bafuni yamefungwa. Aizel anatoka. Ngoja nimwite aje aone.